Kiti cha Sponji

Waliokuwepo asubuhi ile ni hawa: mimi, ndugu yangu anayenifuata, ambaye nilikuwa nimempakia nyuma ya baiskeli, mama muuza chai wa pale kwenye kona, kijana wa bodaboda aliyevaa koti la manjano, na mwenyekiti wa steji yao, kile kituo wanapongojea abiria. Hakuna mwingine. Siku hizi mtaa wetu wote wa Langas unasema ulikuwepo, na kuna wanaonieleza mimi mwenyewe vile mambo yalivyokwenda.

Baiskeli ilikuwa ya baba. Kabla pikipiki hazijajaa Eldoret, alibebea abiria kutoka kona hiyohiyo hadi mjini. Juu ya keria alikuwa amefunga kiti cha sponji kilichoshonewa plastiki nyekundu, chenye vishada vinavyoning'inia pembeni. Wakati huo ukiona kiti kama hicho ulijua hiyo baiskeli ni ya biashara, unapunga mkono, unapanda. Pikipiki zilipokuja wenzake waliuza baiskeli zao wakachukua mikopo. Yeye aliendelea kukanyaga. Alipomfuata mama kaburini, matanga hayakuwa yameisha, na tayari nafasi yake pale steji ilikuwa imepewa kijana wa koti la manjano, kwa sababu alikuwa na pikipiki na ada ya kuingilia.

Nilikwenda kuidai. Nilikuwa nimeshaacha shule, kwa sababu nyumba ilikuwa imebaki na watoto na mkubwa ni mimi. Mwenyekiti alinitazama, akaitazama baiskeli, akacheka.

"Baiskeli na mwanamke? Vyote pamoja?"

Nilisimama hapo. Sikupiga kelele, sikulia. Nilisimama katikati ya steji na baiskeli yangu mpaka jua likazama, na kila abiria aliyekuja ilibidi anizunguke, na kila aliyeuliza nilimwambia kwa nini nimesimama. Nafasi hawakunipa. Lakini mwenyekiti hakunicheka tena. Alianza kunichukia, na mimi nikaona hiyo ni afadhali.

Basi nikawa nabeba maziwa. Nayatoa kwa wafugaji wa Kapseret, nayaleta kwa hoteli ndogo za Langas. Mtungi wa maziwa si abiria, kwa hivyo waliniacha nipite, ila si kimya. "Ng'ombe amepita!" kijana wa koti la manjano alikuwa akisema, na wenzake wanacheka kila siku kama ni mara ya kwanza kulisikia neno hilo.

Ndugu yangu alipopata kibarua kwenye kiwanda cha maziwa huko njia ya Turbo, nilijua ni mlango wa kwanza kutufungukia tangu msiba. Geti hufungwa saa moja asubuhi. Nje yake husimama watu wanaongoja mwenye nafasi achelewe, na akichelewa anaitwa mmoja wao, na yule wa kwanza asisumbuke kurudi kesho. Kila mmoja aje na gambuti zake nyeupe, viatu virefu vya mpira, safi. Supavaiza hugeuza hata soli kuangalia.

Nauli ya magari mawili hatukuwa nayo. Tulikubaliana nitampeleka mjini kwa baiskeli, halafu apande matatu ya Turbo.

"Wacha nikanyage mimi," alisema asubuhi hiyo. "Mwanaume atabebwaje na dada yake?"

"Mwanaume akifika ananuka jasho atarudishwa. Kaa nyuma."

Keria ilikuwa na kutu na maziwa yaliyoganda. Suruali ya maana alikuwa nayo hiyo moja tu. Nikainama chini ya kitanda, nikatoa kile kiti cha sponji, nikakipangusa, nikakifunga kwa mipira. Hapo ndipo nilipoharibu. Ningekunja gunia tu, mambo yangekuwa tofauti. Lakini niliona kiti, nikaona suruali, sikufikiri zaidi.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku na barabara ya ndani ilikuwa matope. Tulipofika kwenye kona, kijana wa koti la manjano aliona vishada vyekundu, akaona mtu aliyevaa vizuri na gambuti nyeupe mkononi. Akawasha pikipiki, akaiweka mbele yangu.

"Siste! Leo ng'ombe amekuwa teksi?"

"Toa pikipiki."

"Abiria wa steji hii hauchukui. Lipa ama umshushe."

"Huyu ni ndugu yangu."

"Kila abiria ni ndugu." Akamgeukia. "Na wewe, buda, huoni haya? Umebebwa na mwanamke kama gunia la mahindi!"

Ndugu yangu aliteremka. Nilijua angeteremka, ana hasira za mama. Alimsukuma yule kijana kifuani, kijana akamsukuma, na gambuti zikaanguka kwenye matope. Nilipokuwa nainama kuziokota, kijana alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akafungua vali, akaitia mfukoni. Upepo ulitoka wote na baiskeli ikakaa chini kama mtu aliyechoka.

"Sasa kanyaga," akasema.

Nilikimbilia kwa mama wa chai. Alikuwa na sufuria la maji linachemka.

"Mama, nisaidie maji kidogo nioshe hizi."

"Maji ni ya chai. Si ya viatu." Hakuinua hata macho. "Tena msiniletee vita hapa. Kila siku ni wewe tu na hawa."

Niliziosha gambuti kwa maji ya mtaro na leso yangu ya kichwa. Hazikuwa nyeupe. Ndugu yangu alikuwa amesimama kando, anatazama upande wa mjini kama anayeona geti ikifungwa kutoka pale. Matatu yoyote ambayo tungeipata huko barabarani ingekuwa haijajaa, na isingeondoka kabla ya kujaa. Hata ingeondoka, angefika mjini bila nauli ya gari la pili.

Mwenyekiti ndipo alipokuja. Alisimamisha pikipiki yake, akatazama gurudumu, akatazama matope, kisha akakitazama kile kiti kwa muda. Alikijua. Alikuwa amefanya kazi kando ya baba miaka mingi.

"Nani ametoa vali?"

"Anabeba abiria, Mzee," kijana akasema. "Angalia kiti."

"Ni ndugu yake, mjinga wewe. Babake ndiye alikuwa na nafasi yako hapa." Kisha akanigeukia mimi, na sura yake haikuwa imelegea hata kidogo. "Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nimesimama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka jioni. Kesho pia. Akikosa kazi leo, nitasimama hapa mpaka kila mtu wa Langas ajue aliikosa kwa sababu gani."

Alinitazama. Alikuwa ameshaniona nikisimama, na alijua siyo maneno. Akatema mate, akatoa kitambaa anachopangusia pikipiki, akamrushia ndugu yangu.

"Pangusa hizo gambuti tukienda. Panda."

"Mzee, hatuna pesa ya..."

"Nimekuuliza pesa? Panda! Kichwa kigumu cha huyu dada yako siwezi kukivumilia siku nzima."

Wakaondoka. Sikuondoka mimi. Kijana wa koti la manjano alinirushia vali, ikaanguka matopeni, nikaiokota. Sikuwa na pampu, na hata ningekuwa nayo ningengoja. Abiria walianza kuja. Walinizunguka. Mama wa chai alinung'unika kwamba nafukuza wateja, nikamwambia maji yake yamechemka vya kutosha.

Mwenyekiti alirudi matope yamemfika magotini.

"Ameingia?" nikauliza.

"Wa mwisho. Mlinzi alikuwa ameshika mnyororo wa geti." Alizima pikipiki. "Sasa ondoka."

"Jioni nitakuletea nauli."

"Sitaki nauli yako."

"Basi maziwa."

"Hata maziwa."

"Unataka nini, Mzee?"

Mara ya kwanza siku hiyo nikaona anakaribia kutabasamu, na halikuwa tabasamu la wema.

"Nikitaka, nitakuambia. Na siku hiyo usiniletee maneno. Utafanya."

Nilisukuma baiskeli hadi kwa fundi. Kiti cha sponji nilikivua, nikakirudisha chini ya kitanda.

Ndugu yangu bado yuko kiwandani. Anajilipia gari sasa, na mdogo wetu amerudi shule. Kila asubuhi napita ile kona na mitungi yangu. Kijana bado ananiita ng'ombe. Nilishapeleka pesa, mwenyekiti akazirudisha mbele ya watu. Nilishampelekea kuku, akamrudisha amefungwa vilevile kwa kamba. Heri ningedaiwa na mtu mwingine yeyote katika mji huu kuliko yeye. Ninapopita anainua kidevu, ananitazama, na mimi napunguza mwendo ili aseme. Hasemi. Nakanyaga kuelekea Kapseret, na bado ninadaiwa.