Niliyemwandika kwa Jina Lake

Kukaa kitako kwangu ni adhabu. Kanisani nachagua benchi la mwisho, karibu na mlango, ili mahubiri yakirefuka nitoke kama mtu aliyepigiwa simu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa njiani kwenda mahali pengine, na hakusema hivyo kwa kunisifu. Kwa hiyo mratibu wa chanjo wa wilaya alipotuambia wahudumu wa afya wa vijiji kwamba wanatafutwa wadadisi wa kupita nyumba hadi nyumba wiki tatu mfululizo, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi.

Mratibu ni mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alitufundisha siku nne. Alisema utafiti huu si wa kupeleka makaratasi kwenye kabati. Majibu yetu ndiyo yangeamua huduma ya mkoba iende wapi, maana mafuta ya pikipiki hayatoshi kufika kila mahali. Mkoba, kwa asiyeujua, ni muuguzi mmoja anayefika mara moja kwa mwezi kwenye vitongoji vilivyo mbali na zahanati, na sanduku la chanjo limefungwa nyuma ya pikipiki. Kule kwetu Rugu alikuwa akiketi kwenye baraza la ghala la kahawa, akina mama wanapanga foleni, watoto wanalia, na kabla ya saa nane amekwisha kuondoka.

Neno tulilorudia kuliko yote mafunzoni lilikuwa kaya. Kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Tulilikariri kama katekisimu. Mengine mengi yalinipita, kwa sababu kila baada ya nusu saa nilitoka nje kunyoosha miguu.

Kitongoji cha mwisho kabisa nilikipanga kwa siku moja, na kilitaka siku mbili. Mawingu yalikuwa yamejaa, kishikwambi kilikuwa kimebakiza chaji kidogo, na mimi nilishaanza kuyaona maswali yote kuwa marefu. Nikafika kwa mzee mmoja wa kanisa mwenye kibanja kikubwa, shamba na makazi pamoja, migomba imeteremka hadi bondeni na kahawa imeanikwa uani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanivutia kiti.

"Karibu waitu," alisema, kwa neno letu la upole. "Uliza, nitajibu."

"Baba, watu wa hapa mko wangapi?"

"Tuko watano. Mimi, mama yako huyu, na wajukuu watatu. Wote wamevuka umri wa chanjo."

Nikaandika watano. Jikoni, hatua chache kutoka pale nilipokaa, alikuwepo mwanamke kijana anamenya ndizi, mtoto yuko mgongoni. Alimenya haraka na kwa ustadi bila kuinua uso. Nilipotaka kuaga, mzee akakataa kabisa niondoke na njaa, na kwa kweli kwetu kumwacha mgeni aondoke hivyo ni aibu. Yule kijana akaja na birika na beseni, akapiga magoti, akaninawisha mikono. Akaleta ndizi na maharage. Nilikula upesi upesi, nikashukuru, nikaondoka. Jina lake sikumuuliza, na la mtoto sikuuliza pia.

Nataka kueleza hapa, kwa sababu watu wa mbali wanaweza kudhani nilikuwa mvivu. Mvivu sikuwa. Nimelelewa kwenye nyumba kama ile. Kwetu alikuwepo kibarua kutoka Burundi aliyekaa miaka tisa. Alilala kwenye kibanda mwisho wa kibanja, akala chakula cha chungu chetu kwenye sahani yake ya bati, akanibeba mabegani nilipoumwa malaria. Mgeni akiuliza tuko wangapi, mama alisema saba, na mimi nilisema saba. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Vibarua hawakuingia kwenye hesabu ya mji, hivyo tu, na niliingia kwenye kazi ya kuhesabu watu nikiwa na hesabu hiyo kichwani bila kujua kwamba ninayo.

Baada ya miezi miwili tuliitwa wilayani kuona matokeo. Ramani ilikuwa imetandazwa ukutani, vitongoji vimepakwa rangi, na mratibu alikuwa anaonyesha kwa fimbo. Alipofika kwenye kitongoji chetu cha mwisho alisema watoto wa umri wa chanjo hapa ni wachache mno, wakati upande wa Igurwa kuna akina mama wengi wanaotembea nusu siku. Pendekezo lilikuwa mkoba uondolewe kule kwetu upelekwe Igurwa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa pendekezo la haki kabisa kwa namba zilizokuwepo, na namba zilikuwa zangu.

Mguu wangu ulianza kugonga sakafu chini ya meza. Nilimwona yule mtoto mgongoni jikoni. Nikakumbuka moshi niliouona bondeni siku ile, sehemu tatu au nne, nikausahau papo hapo. Nikaona aibu ya kunyoosha mkono mbele ya watu wote, sikuunyoosha. Hilo nalo nalikiri. Mkutano ulipoisha nilimkimbilia mratibu nje, ameshafungua mlango wa gari.

"Kuna watu sikuwaandika," nilimwambia.

"Wangapi?"

"Sijui. Hiyo ndiyo shida."

Akafunga mlango wa gari. Sikugombezwa, na heri ningegombezwa. Alisema nina wiki moja, nirudi kitongojini na kishikwambi, na kama watoto wapo kweli mkoba hautaondoka. Kabla hajamaliza nilikuwa natafuta bodaboda.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa mzee kwanza, kwa adabu. Nilipomweleza ninakokwenda alikunja uso.

"Wale si wa kuandika, mwanangu. Wale ni watu wa kupita."

"Wanapita tangu lini, baba?"

Akahesabu kimoyomoyo. "Huyu wa jikoni ana mwaka wa pili."

Nikateremka. Nyuma ya migomba, pale ardhi inapoanza kulainika, vilikuwepo vibanda vya udongo vilivyoezekwa majani makavu ya migomba. Yule kijana alikuwa kwenye cha kwanza, anaosha masufuria. Aliponiona alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akanikaribisha kwa Kiswahili kizuri kilichopinda kidogo, cha mtu wa ng'ambo ya mpaka. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta kibarua cha kuchuma kahawa Isingiro, na alikuwa hajarudi. Mtoto wa kike alikuwa amekaa mkekani, ana umri wa mwaka na nusu, anatafuna kipande cha ndizi.

"Kadi yake ipo?"

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili. Kadi ilikuwa humo, safi kuliko kadi nyingi nilizowahi kushika. Chanjo za mwanzo zote zilikuwepo. Ya surua ilikuwa tupu, ya kwanza na ya pili.

"Mbona hukumpeleka kwenye mkoba? Unafika hapo juu tu."

"Naogopa pale. Watu wananitazama."

"Ukiandikwa humu, mkoba utabaki, na mtoto atapata chanjo yake. Usipoandikwa, unaondoka."

Alikaa chini akamvuta mtoto miguuni pake. "Dada, ukiandika, hayo maandishi yanakwenda wapi?"

"Wilayani. Kwa watu wa chanjo."

"Na watu wa uhamiaji wako wapi?"

"Wilayani pia. Lakini hawaulizani."

Sikuwa na uhakika. Niliamini hivyo, na bado naamini, ila sikuwahi kumuuliza mtu yeyote anayejua. Nilichokuwa nacho ni haraka. Kishikwambi kilikuwa mkononi, sehemu ya jina la mkuu wa kaya ilikuwa inamulika nyekundu na haikubali kuendelea, na vibanda vingine vilikuwa vinaningoja. Nikamwambia nahitaji jina lake. Alilitaja taratibu, jina la ubatizo na la ukoo, kama mtu anayekabidhi kitu asichokuwa na cha pili. Nikaandika, nikamalizia umri na chanjo, nikabonyeza kutuma. Mtandao ulikuwepo siku hiyo. Fomu ilikwenda pale pale.

Kwenye kibanda cha pili mwanamke wa makamo mwenye watoto wawili wadogo alijibu yote isipokuwa jina. "Watoto andika, dada. Jina hapana." Nilimbembeleza, hakubali. Nikapanda juu kidogo panapokamata simu vizuri, nikampigia mratibu kumwambia mashine haipokei bila jina.

"Si tulisema mafunzoni?" alisema. "Asiyetaka kutaja jina unaandika namba. Kaya ya kwanza, ya pili, hivyo. Hatuhitaji majina yao, tunahitaji kujua watoto wako wangapi."

Nilijua nilikuwa wapi hilo liliposemwa. Nilikuwa nje nanyoosha miguu.

"Ile niliyokwisha kutuma inafutika?"

"Ikishatumwa mimi siwezi kuigusa. Nitauliza wa mifumo ya kompyuta. Kwani kuna tatizo?"

Nikasema hakuna. Nikateremka tena, nikaandika vibanda vyote vilivyobaki kwa namba. Akina mama walikuwa wepesi walipojua majina hayatakiwi, mmoja hata alinitania kwamba mimi ni mtafiti wa ajabu, natafuta watu halafu sitaki kuwajua. Tulicheka. Jioni nikipanda kurudi nilimpita yule kijana analima kando ya kibanda chake, mtoto mgongoni. Aliinua mkono. Nilipaswa kusimama nimwambie kwamba wenzake wote hawakutaja majina, kwamba na yeye hakuhitaji kutaja, kwamba kosa ni langu na najaribu kulifuta. Nikainua mkono na mimi, nikaendelea na safari, nikijidanganya kuwa nitamweleza siku nyingine nikiwa na jibu zuri.

Jibu halikuja. Nilimpigia mratibu mara mbili, mara ya kwanza mtu wa mifumo alikuwa likizo, mara ya pili alisema fomu inaweza kufungwa lakini haifutiki. Nilitembea uani huku na huko hadi mume wangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mkoba ulibaki. Mratibu alinipigia mwenyewe kuniambia, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alisema Igurwa nao wangepata siku yao, wametafuta njia ya kugawana pikipiki, na kwamba kama nisingerudi bondeni wangefanya kosa kubwa. Nilimshukuru. Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa kwenye baraza la ghala la kahawa tangu asubuhi, nafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Wakaja. Walipanda kutoka bondeni kwa pamoja, wale wa vibandani, wamevaa vitenge vyao vizuri, watoto wamepakwa mafuta yanang'aa. Akina mama wenye vibanja walisogea kidogo kwenye benchi, si sana, lakini walisogea. Nilikuwa nawahesabu kwa macho kadiri walivyokuwa wanakaribia, na nilipomaliza nikahesabu tena.

Nikamvuta pembeni yule wa kibanda cha pili. "Mwenzako yuko wapi?"

"Aliondoka wiki iliyopita." Alikuwa anamfunga mtoto vizuri mgongoni, hakunitazama. "Alisikia sisi wengine hatukutaja majina. Akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia kweli. Hakulala tena vizuri. Usiku kuku akilia, yeye yuko nje."

"Kaenda kwa mumewe?"

"Mumewe hatujui aliko. Labda kaenda Isingiro. Labda mbele zaidi." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka salamu aliyotumwa, "Alisema nisikukasirikie. Alisema hukumtakia ubaya."

Tangu siku hiyo nimefika Isingiro mara tatu. Nimeuliza kwenye mashamba ya kahawa, nimeuliza kwa wahudumu wenzangu wa wilaya ile ya Kyerwa, nikieleza habari za mtoto wa kike mwenye kadi safi kwenye mfuko uliofungwa mafundo mawili. Wananiuliza jina la mama. Silitaji, na bila jina hakuna anayeweza kunisaidia.

Lakini pale barazani, asubuhi ile, muuguzi hakuwa na habari ya haya yote. Alikuwa amekwisha kufungua sanduku lake na kutoa orodha aliyopewa wilayani, imechapwa vizuri, kaya zote za bondeni. Nyingine zote zilikuwa na namba tu. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, ningeweza kumzuia, na ndiyo mara pekee maishani mwangu miguu ilikataa kwenda. Akaliita kwa sauti, la ubatizo na la ukoo, akatazama foleni. Akaliita tena. Akina mama wa bondeni waliinamisha vichwa. Nyuma, wenye vibanja wakaanza kuulizana huyo ni nani.

"Hayupo?" muuguzi aliniuliza, kalamu iko mkononi.

Nilimwambia aendelee na wa pili.