Namba Kwenye Bloki ya Injini

Mume wangu alikuwa fundi wa magari hapa Garsen kwa miaka mingi, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Alipopooza upande wa kulia, maneno yote yalimpotea isipokuwa moja: bado. Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimuuliza kama anataka kugeuzwa, bado. Tukabuni njia yetu wenyewe. Nilimshika mkono wa kushoto. Akiminya mara moja ni ndiyo, akiminya mara mbili ni la. Tuliishi hivyo, na hayakuwa maisha mabaya.

Spea alizokuwa amezikusanya zilijaa ua mzima. Mafuriko yalipokuja yalizifunika tope, na maji yalipopungua nyoka wakaanza kulala ndani ya gia boksi. Binti yetu anayesoma Mombasa alinikataza kuziuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Akaniingiza kwenye kundi la mnada wa mtandaoni, huko watu wanakouziana vipuri vilivyotumika. Unaweka picha, unaandika bei ya kuanzia, watu wanaweka dau kwa siku tatu, na aliyefika juu anachukua. Nilianza na alteneta, ikaenda Malindi. Stata ikaenda Mpeketoni. Niliifunga mizigo kwa gunia, nikaishona kwa sindano ya mkeka, nikaipeleka stendi mwenyewe. Nikajifunza majina ya vitu ambavyo kwa miaka ishirini nilikuwa nikiviruka tu nikienda kuanika nguo. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kujiona mjuzi.

Ile bloki ya injini niliikuta nyuma kabisa ya karakana, kwenye kichaka cha mathenge, imefunikwa turubai na juu ya turubai zimewekwa matairi mabovu. Ilikuwa ya Lendikruza ya dizeli, nzima, haina ufa. Sikujiuliza kwa nini hiyo peke yake ilifunikwa. Niliipiga picha nne, nikaiweka mnadani asubuhi, na kabla ya adhuhuri watu watano walikuwa wameshaweka dau.

Siku ya pili alikuja mtu wa sita, lakini yeye hakuweka dau. Aliniandikia kando, kwa adabu, akiniomba nimpigie picha ya upande ule wenye namba. Wanunuzi makini huuliza namba, kwa hiyo sikushtuka. Nililowesha kitambaa kwa dizeli, nikafuta uchafu mpaka tarakimu zikang'aa, nikampelekea picha. Alama za kuonyesha ameisoma zikatokea. Kisha akaandika: "Mama, usiuze hiyo injini. Nakuja."

Nilimuuliza yeye ni nani. Hakujibu. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nilipopiga tena ilikuwa imezimwa.

Hapo ndipo woga ulipoanza. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajiambia kwamba pengine ni mtu wa masihara. Lakini watu wa masihara hawaombi namba. Anayeomba namba ana namba nyingine mkononi ya kulinganisha nayo. Na mimi ndiye niliyeandika pale mnadani kwamba niko Garsen, nyuma ya soko, nyumba yenye geti la bluu, ili wanunuzi wasipotee.

Mume wangu alikuwa barazani kwenye kiti chake. Nikamwendea nikamshika mkono. Nikamuuliza kama ile bloki ya kichakani aliinunua. Akaminya mara moja. Nikamuuliza kama aliinunua kihalali.

Hakuminya. Nilingoja. Mkono wake ulikuwa umelegea ndani ya wangu kama samaki aliyekufa. Nikauliza tena, polepole, nikidhani hakunisikia. Akageuza uso akatazama ukuta.

Nimeolewa na mtu huyu tangu nikiwa msichana kule Ngao. Nimemwogesha, nimemlisha, nimemkata kucha. Siku ile nilimwogopa. Sikuogopa kwamba angenifanya kitu, maana hata nzi hawezi kumfukuza. Niliogopa kwamba kulikuwa na chumba ndani yake ambacho sikuwahi kuingia, na mlango wake sasa ulikuwa umefungwa na ufunguo umepotea.

Nilifuta tangazo mnadani. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unaniwaka. Nilichukua tupa kwenye sanduku la vifaa, nikapiga magoti mbele ya bloki, nikaanza kuisugua ile namba.

Chuma ni kigumu. Tupa ikawa inateleza, lakini sikuacha. Nilifuta tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila pikipiki iliyopita njiani nilisimama nikasikiliza kama itakata kona kuja kwetu. Nilikuwa nimeanza ya nne niliposikia sauti ya mume wangu. Alikuwa akiniona tangu mwanzo kutoka barazani. Alipaza sauti kwa neno lake lile lile moja, bado, bado, bado, hata mate yakamtoka, na mkono wake wa kushoto ukipiga kiti. Nikaitupa tupa chini nikamkimbilia. Nilipomuuliza kama anataka niache, aliniminya mara moja, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

Yule mtu alifika kesho yake saa tano asubuhi. Nilikuwa nimetarajia gari la polisi, au wanaume wanne wenye miwani ya jua. Aliteremka kwenye bodaboda mtu mmoja, mwembamba, wa umri wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi, kwapani ana bahasha kubwa ya kaki iliyochakaa. Alipiga hodi akabaki nje ya geti mpaka nikamkaribisha. Aliomba maji. Alipokunywa niliona gilasi ikigongana na meno yake.

Alisema ametoka Nanighi. Zamani alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa kule juu ya mto, akimwendeshea Lendikruza. Siku moja, akiteremka kuja upande huu, watu walimsimamisha njiani, wakamfunga mikono, wakamwacha porini na gari wakaenda nalo. Alitembea mpaka barabarani, akapewa lifti, akaenda kutoa taarifa. Hakuna aliyemwamini. Tajiri wake alisema ameliuza. Alikaa rumande miezi minane, na kesi ilipokosa ushahidi akaachiliwa, lakini jina lilibaki. Mkewe alirudi kwao. Msikitini watu walimwachia nafasi pembeni.

"Mimi si mwizi, Mama," aliniambia. "Namba ya ile injini iko kwenye karatasi za kesi. Naijua kuliko siku ya kuzaliwa mwanangu. Miaka sita sasa, kila jioni nafungua minada yote ya spea, naangalia Lendikruza moja moja. Naomba tu niione."

Nilimpeleka nyuma ya karakana. Nilijua atakachokikuta. Aliinama, akaona pale mahali peupe penye mikwaruzo mipya, akapapasa kwa kidole gumba. Kisha akaketi chini, hapo hapo kwenye vumbi, na shati lake lile safi.

Ningeweza kusema niliikuta hivyo. Neno hilo lilikuwa ulimini. Lakini kucha zangu bado zilikuwa na unga wa chuma, na yeye alikuwa amezitazama tangu nilipompa maji.

"Ni mimi niliyeifuta," nikamwambia. "Jana. Niliogopa."

Akatoa simu mfukoni, akanionyesha ile picha niliyompelekea, tarakimu zote ziko wazi, zinang'aa kwa dizeli yangu. Alikuwa ameshaichapisha Hola alipokuwa akibadilisha gari. Ilikuwa ndani ya bahasha.

"Hata mimi nimeogopa njia nzima," akasema. "Nilizima simu kwa sababu nilidhani nyinyi ndio wezi wenyewe. Nimemwambia dada yangu, nisipompigia kabla ya alasiri, aende polisi aseme nilikuja nyumba yenye geti la bluu."

Nikamwambia ampigie dada yake sasa hivi. Akampigia.

Alipokwenda barazani alimwamkia mume wangu shikamoo, akakaa kwenye jamvi chini yake, akamsimulia yote upya, bila kupandisha sauti. Mume wangu alimtazama muda wote. Machozi yalimtoka jicho la kushoto. La kulia halifungi vizuri na huvuja kila siku, kwa hiyo sikulihesabu. Kisha dereva akauliza nani aliyemuuzia.

Nilitamani kumziba mdomo. Waliolichukua gari lile ni watu, na watu wana nyumba, na nyumba zao huenda ziko karibu. Lakini mume wangu alikuwa ameshaninyooshea mkono. Nikaushika. Nikataja jina la kwanza lililonijia, akaminya mara mbili. La pili, mara mbili. La tatu nilinong'ona, nikiomba Mungu iwe la.

Aliminya mara moja na hakuachia.

Alikuwa mchuuzi wa vyuma chakavu tunayemjua mjini. Mume wangu alipolazwa hospitali ya Ngao, mtu huyu alikuja kumwona mara mbili, na kila mara alileta papai. Niliuliza maswali mengine, nikayapata majibu kwa kuminywa: ndiyo, mume wangu alijua gari limeibwa, la, hakujua siku ile ile, alijua baadaye, ndiyo, aliogopa kusema, ndiyo, ndiyo maana aliifunika. Dereva alikuwa ameona yote. Hakuuliza jina nililolinong'ona ni lipi.

Tulikwenda kituoni mchana ule, mimi na yeye. Nilieleza nilivyoikuta bloki na nilivyoifuta namba, nikatia sahihi. Nilipoulizwa iliuzwa na nani, nilisema mume wangu hawezi kusema. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo. Dereva alitazama sakafu.

Kwake yeye karatasi ile ilitosha kuanzia. Tajiri wake wa zamani alikuja mwenyewe na fundi wake, akalinganisha picha na logibuku, akaona pia alama ya kulehemu ubavuni aliyoifanyisha mwenyewe. Hakuomba radhi mbele yangu. Baadaye dereva alinipigia kunieleza kwamba tajiri amekwenda kwa mama wa huyu dereva, akavua viatu mlangoni, akakaa naye nusu saa, na mama hakumpa chai mpaka mwisho.

Siku ya nne baada ya hapo, asubuhi, nilikuwa nikipepeta mchele geti lilipofunguliwa bila hodi. Mchuuzi wa vyuma aliingia na mapapai mawili kwenye mfuko. Alisalimia vizuri. Alivuta kigoda akakaa karibu na mume wangu, magoti yao yakagusana, akaniomba kisu amkatie mgonjwa tunda.

Nilimpa kisu. Hata sasa siwezi kueleza kwa nini. Mikono ilikwenda yenyewe. Alimenya papai moja polepole, ganda refu lisilokatika, akaniuliza kama ni kweli tuliuza injini. Nikasema hatukuuza. Akauliza kama ni kweli kulikuwa na mgeni kutoka juu. Nikasema wageni ni wengi tangu nianze mambo ya mnada.

"Na mzee," akasema akimtazama mume wangu usoni, kisu bado mkononi, "ameanza kusema sasa?"

Mchele ulikuwa ukinimwagika kutoka kwenye ungo nami nauona na siuzuii.

"Bado," akasema mume wangu.

Alilisema wazi, bila mate, bila kupiga kiti. Mtu yule alimtazama kwa kitambo, akaweka kisu juu ya ganda, akafuta mikono, akaaga. Nilifunga geti kwa mnyororo. Kisha nikainama kuokota mchele.

Siku ile sikupika. Nilikaa na mume wangu nikamuuliza kama anajua alichokisema, akaminya mara moja. Nikamuuliza kama anataka nikataje jina. Akaminya mara moja. Nikamwambia tunaweza kuumizwa. Akaminya mara moja tena, na kwa kuwa hilo halikuwa swali, sikujua alikuwa ananikubalia au ananituma.

Kesho yake nilimwachia jirani amwangalie, nikapanda gari kwenda Hola, maana kusema hapa Garsen nilishindwa. Nilimpigia dereva akaja kunipokea. Nilipokuwa nikitaja lile jina mbele ya afisa wa polisi, nilinong'ona tena, na afisa alilazimika kuniuliza mara mbili ndipo akaliandika. Dereva alikuwa kwenye benchi nje. Nilipotoka hakuniuliza kitu. Alininunulia soda, tukakaa nayo mpaka gari la kunirudisha likajaa.

Mchuuzi aliitwa, akahojiwa siku mbili, akarudi. Wanasema upelelezi unaendelea. Nimehamisha kitanda cha mume wangu kutoka chumba cha dirisha la njiani. Nimepaka geti rangi ya kijani, jambo la kipumbavu, kwani mji wote unajua nyumba yetu. Mnadani narudi pole pole, rejeta moja, difu moja, na kabla sijaweka picha namshika mume wangu mkono namuuliza kitu hiki kilitoka wapi.

Juzi nilikutana na yule mchuuzi sokoni, kwenye mafungu ya kambale wakavu. Alisimama akanipisha nipite, kama mtu muungwana.

"Mzee anaendeleaje?" akaniuliza.

Nikamwambia anaendelea vizuri, anakula, na usiku halalamiki. Akasema tumshukuru Mungu. Nikachagua samaki wangu, nikalipa, nikatembea mpaka kona bila kugeuka, kisha nikakimbia.