Maji ya Kinywani

"Nani kakwambia nimeyanywa? Ulikuwa umekaa kooni mwangu?" Ndivyo alivyonifokea jirani yangu wa Likoni, fundi wa vitambaa vya kimia, nilipomkuta saa saba mchana wa Ramadhani mashavu yamefura maji, nami nikamwambia anakula mchana. Kumbe ndiyo kazi yake: kimia akishakisuka na kukibana kwa pini juu ya mto, hukipulizia maji kwa mdomo, kikauke palepale kisije kikajikunja. Akapiga funda jingine, akalipuliza lote, akanifunulia kinywa. "Haya, chungulia!" Nikasema, "Nisamehe, dadangu." "Nimekusamehe," akajibu, huku anaburuta mto na kikombe chake hadi barazani, mtaa mzima umwone.