Posa ya Mtu Asiyelala

Mwaka nilioamua kuoa ndio mwaka niliokuwa namalizia riwaya yangu ya kwanza, na mambo hayo mawili yakagombania mwili mmoja. Nilikuwa nimerudi nyumbani Mungaa, kwa mama, nikiandika usiku kucha kwa imani kwamba usingizi ni wa watu wasio na cha kusema. Imani hiyo niliitetea kwa ukali. Wakati ule nilitetea kila kitu kwa ukali, hata chumvi niliyojitilia kwenye chai nikidhani ni sukari.

Mwili haukuwa na imani hiyo. Mafua yalihamia puani yakakaa kama mpangaji. Nilitamani sukari kutwa, nikagombana na jogoo. Mhusika niliyemzika sura ya nne nilimkuta sura ya tisa akinywa uji. Muuguzi wa zahanati alinipima presha, akanitazama usoni, akapima tena.

"Ipo juu, kaka. Na dawa yake haipo dirishani kwetu. Ipo kitandani kwako."

Nilicheka, nikarudi kuandika.

Ndipo ikafika siku ya kupeleka posa Sepuka. Msichana niliyempenda alikuwa ameshanionya: baba yake, mfugaji, alikwisha kuwageuza wachumba wawili mlangoni, na aliyegeuzwa hasikilizwi tena. Msemaji wetu alikuwa baba mdogo. Kazi yangu mimi ilikuwa kuamkia, kula na kunyamaza.

Tulikaribishwa sebuleni. Mwenye nyumba alipoingia, tulisimama. Shikamoo yangu nilikuwa nimeibeba tangu nyumbani kama yai. Mzee akakohoa kidogo kusafisha koo, nami nikainamisha kichwa kwa adabu zote nilizolelewa nazo, nikasema kwa sauti nzito:

"Marahaba."

Hata kuku wa uani walinyamaza.

"Sikumbuki kama nilimwamkia," mzee alimwambia baba mdogo, taratibu.

"Shikamoo, baba! Shikamoo! Shikamoo!"

"Marahaba. Moja inatosha."

Chakula kikaja: ugali wa uwele, kuku na mlenda. Tumbo lilijaa, bati likashusha joto la mchana, na baba mdogo akaanza kuusimulia ukoo wetu kuanzia kwa babu wa babu. Nakumbuka nikichovya tonge. Yaliyofuata nilisimuliwa: mkono uliganda katikati ya safari, mlenda ukaning'inia kama uzi kutoka vidoleni hadi bakulini, mdomo ukabaki wazi kulisubiri tonge, kisha ukatoka mkoromo.

"Huyu amekunywa?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee mwenzangu. Hanywi."

"Ana kifafa?"

"Hana. Anaandika kitabu. Usiku halali."

"Kitabu! Kina mtoto mchanga ndani, anayemlilia?"

Nilizinduliwa na kicheko cha mama wa msichana nyuma ya pazia. Tonge lilikuwa gotini. Mzee aliyachunguza macho yangu mekundu kama anayekagua ndama mnadani.

"Kijana, ng'ombe anayekimbizwa usiku kucha hacheui. Asipocheua anakonda, akikonda anaanguka. Sasa binti yangu nimpe mume, au nimpe ujane?"

Baba mdogo aliwatafuta babu zetu wote, hakupata hata mmoja wa kumsaidia.

"Nitalala, baba," nilisema.

"Anza sasa. Chumba kile pale."

Hivyo ndivyo nilivyoilalia posa yangu mwenyewe. Nilipoamka mbuzi walikuwa wanarudi zizini, na watu wote wamehamia uani. Baba mdogo alinikonyeza. Msichana alikuwa ameitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama ananitaka, akajibu ndiyo, huku mkoromo wangu ukisikika hadi nje.

"Posa nimeipokea," mzee alisema, "ila kwa sharti. Kila asubuhi, mpaka alizeti zivunwe, nitakupigia simu unisimulie ndoto uliyoota. Asiyelala hana ndoto. Siku utakayokosa ya kusimulia, tumeachana."

Ndoto! Ndoto ningeweza kumtungia mia bila kufumba jicho, nyingine zikiwa na nyoka na mito.

"Nimekubali, baba," nilisema, upesi kupita kiasi.

Msichana alikuwa ameinama akikusanya vyombo. Hakuinua hata uso.

"Baba, huyo kazi yake ni kutunga."

Mzee alinitazama mimi, akamtazama bintiye, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka mpaka akashika mbavu.

"Basi simu nitampigia mama yake, aniambie kama amelala."

Mama yangu hajawahi kumdanganya mtu mzima. Pale pale nilijua kwamba nitaoa, na kwamba riwaya itasubiri.