Wawili Waliosimama Mbalimbali

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ya Doha ambayo hunijia kila nikisikia wawili wanataka kumwacha mwenzao wa tatu. Naambiwa timu yenu ya mpira wa kikapu hapo chuoni, ile ya watu watatu, imeanza maneno hayo, eti mwenzenu anachelewa mazoezini kwa sababu ya kibarua. Basi keti. Hata ukiendelea kuangalia simu, nitasema.

Nilikuwa yaya huko Muaither, mtaa mmoja wa Doha, kijana kama wewe, na hasira zangu unazijua, hazikuanza jana. Kila Ijumaa mchana nikipata ruhusa nilikwenda kuimba. Tulikuwa watatu: Nekesa muuguzi, Jane wa mapokezi katika hoteli moja ya Al Sadd, na mimi mwenye sauti ya chini. Aliyetufundisha ni Mzee Ssali, dereva wa nyumba niliyofanyia kazi. Ujanani, miaka ya sitini, aliimba Kampala katika kundi la watatu, enzi za suti za kufanana na maikrofoni moja. Alitusimamisha tukazunguka upawa kana kwamba ndio maikrofoni, na akatuwekea sharti moja tu: asiyefika, nafasi yake isizibwe.

Siku hiyo tulialikwa kuimba wakati wa mapumziko kwenye fainali ya kikapu ya wanafunzi wa vyuo. Madam, mwajiri wangu, alikuwa ametoka na Mzee Ssali, na muda ukapita hawajarudi. Mtoto wake nimembeba, viatu nimevaa, kilemba cha kitenge nimefunga. Natoka dirishani naenda mlangoni, narudi dirishani. Simu ikalia, alikuwa Nekesa.

"Uko wapi wewe? Huyu mwenye shughuli anasema kuna mwanafunzi hapa anajua nyimbo zetu zote. Anataka aingie mahali pako."

"Na nyinyi mmemwambia nini?"

Ikakatika. Nikapiga, haishikwi. Nikapiga tena, haishikwi. Mwanafunzi yule alikuwa huru kila siku, mimi ruhusa yangu ni ya kuomba. Katika wiki nzima kuimba ndicho kitu pekee kilichokuwa changu, na niliogopa kukipoteza.

Madam alipofika alisema, "Sorry, sorry, yalla, nenda," akampokea mtoto. Mzee Ssali akageuza gari. Tulipokwama kwenye taa nikavua kilemba, nikakitupa kitini.

"Mzee, nirudishe tu. Wamepata mwingine."

"Nani amekuambia?"

"Simu hawashiki!"

"Sasa wewe binti, unakasirikia watu hata hujawafikia? Kama wamekuacha, utaona na macho yako. Funga mkanda."

Nilinuna njia nzima. Tulipofika nikashuka mbio na kilemba mkononi, na mlangoni nikasikia wimbo umeshaanza. Nikasimama hapohapo. Sauti ya juu nikaisikia, ya kati nikaisikia. Wimbo ukafika pale ninapoingia peke yangu, wote wawili wakanyamaza. Watu wakadhani wamesahau, wengine wakacheka. Nikachungulia. Nekesa na Jane wamesimama mbalimbali, katikati pamebaki upana wa mtu mmoja, na yule mwanafunzi ameketi benchi la mbele amewashikia mikoba yao.

Wakaendelea na ubeti wa pili, wakanyamaza tena palepale. Safari hiyo niliimba mimi, kutoka mlangoni, natembea, machozi yananitoka, kichwa wazi. Hawakugeuka kunitazama. Walinisogezea tu maikrofoni nilipofika.

Kwa hiyo, mwanangu, mwenzenu akichelewa mgombezeni, mna haki. Lakini kwanza muulizeni ni nani amemzuia mlangoni, kwa sababu si kila mtu anaimiliki saa yake. Na msimpe mtu mwingine nafasi yake kabla hajafika kujieleza. Mkicheza wawili mtafungwa, na watu watawacheka. Kicheko cha siku ile nimekisahau kilikuwaje. Ile nafasi katikati yao sijaisahau.

Mungu akupe wawili wa kukungoja siku utakayochelewa, na leo akufanye wewe mmoja wa wanaongoja. Haya, hiyo simu uliyoishika, mpigie mwenzenu.