Siku Shiraa Ilipolegea Bustanini

Andika, mjukuu wangu, wala usiniongezee maneno. Jana uliniletea asumini iliyofungwa pamoja na mrehani, na harufu yake ikanirudisha katika bustani ambayo mahali pake leo pana ukuta na punda waliofungwa.

Ilikuwa bustani ya maua ya serikali, nyuma ya mji wa Amu, na kila mtu aliruhusiwa kuingia. Hilo la kila mtu bibi yangu hakulipenda. Lakini arusi ya mama mdogo ilikuwa imekaribia, kiangazi kilikuwa kimeyakausha maua ya uani kwetu, na mwali alitamani kutembea kwenye mawaridi kabla hajafungiwa ndani.

Zama hizo mwanamke wa nyumba kubwa hakupita ndiani wazi, machoni pa watu. Alikwenda ndani ya shiraa, hema la kitambaa lisilo na sakafu, lililobebwa na wanawake wanne, kila mmoja na mti wake pembeni. Kwanza walilibeba watumwa. Utumwa ulipoondolewa, pembe tatu zilishikwa na jamaa zetu, na ya nne ilishikwa na aliyekuwa mtumwa na mpishi wetu, ambaye ndiye aliyemlea mama mdogo.

Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Nilibanwa kati ya bibi na mama mdogo, sioni ila mchanga na miguu, na harufu ya waridi ikituingilia kwa chini.

"Mama, maua nimeyaona kwa pua," mama mdogo akasema, nasi tukacheka. Bibi hakucheka. Kitambaa kilikuwa kimelegea upande mmoja.

"Inua juu, kijakazi wee! Mikono imekufa?"

Shiraa ikasimama. Kisha pembe ile ikashuka, kitambaa kikafunguka hata mwanga ukatupiga usoni.

"Kijakazi hayupo hapa," mpishi akasema, bila hasira. "Mimi nimekuya kwa arusi ya mwanangu. Naitwa Bi Saada."

Neno Bi lilikuwa la waungwana. Nyumbani kwetu aliitwa Saada, tena kwa kupigiwa kelele.

Mara binamu mmoja miongoni mwa wabebaji akanong'ona, "Wajomba wa bwana arusi wanakuya. Wallahi ni wao!"

Ukoo ule ulikuwa mkali. Mwali aliyeonwa uso na wanaume njiani, kwao hakuolewa. Mama mdogo alinishika bega hata likaniuma. "Mama, mwite alivyosema. Nakuomba, mwite."

Makubadhi ya wanaume yakasikika yakikwaruza mchanga, karibu, karibu zaidi.

"Bi Saada," bibi akasema, kama anayemeza mwiba, "inua, tafadhali."

Pembe ikapanda, kitambaa kikatuziba. Wajomba wakapita, wakakisalimu kitambaa kwa adabu.

Arusi ilifungwa, na Bi Saada ndiye aliyempaka mwali hina. Bibi hakupita tena ndiani ndani ya shiraa. Alinunua buibui, akasema ni afadhali kitambaa kisichohitaji kuombwa. Neno lile la Bi hakulitamka mara ya pili. Alipomtaka Bi Saada, alimtuma mtu amwite.

Bustani imekwenda, na shiraa imekwenda. Maua nayasikitikia. Shiraa siisikitikii, maana nilikuwa ndani yake. Ila mimi Bi Saada nilimwita Bi Saada kila nilipopita mlangoni pake, naye kila mara aliitika polepole, kana kwamba alitaka kulisikia vema.