Rufaa na Vibanda Sita vya Mbele ya Mahakama

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi viatu, na kibanda chake kinatazamana na mlango wa mahakama. Mawakili humletea visigino vilivyolika, naye, misumari ikiwa mdomoni, huwachambulia kesi zao. Mtu akiishtaki serikali kwa kufunga barabara au kupandisha ada, shemeji huisoma hukumu nzima kwenye magazeti ninayouza kibanda cha jirani, gazeti hanunui, kisha anatoa maoni ya pande zote mbili. Tunamwita Rufaa, maana hata dada akimwambia chai imepoa, anapinga.

Jumatatu moja halmashauri ikabandika notisi: vibanda vyote sita viondoke ndani ya siku tatu. Magazeti yangu ningeyapeleka wapi? Rufaa, kusema kweli, alifurahi, na hilo liliniudhi sana. Akatuambia tutulie, kesi za namna hii anazijua nje ndani. Tukapeleka ombi la dharura mahakamani kuipinga notisi, na kwa kuwa hatukuwa na mwingine, tukamchagua atusemee.

Kesho yake jaji akamuuliza tunaomba nini. Rufaa akakohoa, akaanza kama alivyozoea kibandani. Hoja yetu, alisema, ina uzito kiasi. Kisha akahamia upande wa pili: njia ni ya umma, halmashauri ina mamlaka, tena kuna kifungu ambacho wakili wa serikali amekisahau. Akakitaja na namba yake. Wakili wa serikali akaandika mbiombio. Nilimvuta shati, wapi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo dada akanyoosha mkono kutoka benchi la nyuma.

“Mheshimiwa, huyo ni mume wangu, anapenda kesi kuliko kibanda. Sisi hatukuitwa wala kuulizwa. Tumekuta karatasi ukutani tu. Wangetuuliza, tungewaambia tunasomesha watoto kwa vibanda hivyo.”

Jaji akavua miwani.

“Mahakama inamshukuru mwombaji kwa kuisaidia serikali,” akasema, “lakini imemsikia mkewe.”

Akaamuru tusiguswe mpaka halmashauri itusikilize.

Nje, mawakili wakamzunguka shemeji wakitaka kujua anaionaje hukumu ile. Akachomoa funguo za kibanda mfukoni. Sijawahi kumwona akiiacha hukumu bila kuichambua, na hasira zangu zote zikaniisha palepale.

“Muulizeni mwenye kesi,” akasema, akimwonyesha dada, akaenda kufungua kibanda.